Spika za studio: hesabu pete za jeki kabla hujahesabu wati

Mwalimu wa kwaya alisikiliza wimbo wake hadi ubeti wa pili, akainama kama mtu aliyedondosha shilingi chini ya meza, kisha akaniuliza: "Dada, humu ndani mnafuga nyuki?"

Sifugi nyuki. Nilikuwa na spika mbili za studio, umri wake miezi miwili, nilizozitoa duka moja la mjini kwa laki sita na nusu, na muda wote huo zilikuwa zinavuma. Mimi nilishazizoea kama unavyozoea friji. Ubaya ni kwamba umeme wetu ni wa Hz 50, na mvumo wake unasikika hapo na kwenye Hz 100, jirani kabisa na noti ya G. Basi nikawa nasikia besi ambayo haimo kwenye wimbo, naipunguza, na watu wanaondoka na nyimbo zilizokonda. Kwaya mbili nimezirudia kazi bure.

Tangu nilipousimulia mkasa huo, meseji ninazopata zinafanana kama pacha. Kijana wa Igoma, spika zake zinatoa mlio wa mende kila akisogeza mausi. Dada wa Nansio, zimetulia kabisa mpaka achomeke chaja ya kompyuta. Mwingine wa Bwiru ananiuliza aongeze laki ngapi apate spika zisizovuma. Wote wanaulizia spika. Hakuna hata mmoja aliyeulizia waya.

Kwa hiyo humu sitaongelea wati, wala kama inchi 5 ni bora kuliko 8. Chumba chako kina ukubwa wa kitanda na kabati, inchi 5 zinatosha, tusonge.

Kwanza jua kelele yako ni ipi. "Shhhh" nyembamba, ambayo haibadiliki hata ukichomoa waya wa sauti, ni pumzi ya amplifaya iliyomo ndani ya spika. Hiyo umeinunua, utaishi nayo. "Mmmm" nzito ni umeme. "Kri-kri" inayocheza na mausi au na faili linalofunguka ni kompyuta yenyewe, inapitisha uchafu wake kwenye tundu la hedifoni au la USB. Hizo mbili za mwisho zinapita mlango mmoja.

Mlango huo ni huu. Chaja ya kompyuta imechomekwa ukutani kwa pini tatu, spika nazo zimechomekwa upande wa pili wa chumba kwa pini tatu. Kila kifaa kina njia yake ya ethi, yaani ya umeme kwenda ardhini. Ukija kuviunganisha kwa waya wa sauti, umezifunga njia hizo zikawa duara, na umeme kidogo unaanza kuzunguka humo. Sasa kama waya wako ni wa nyuzi mbili, yaani RCA (ule wa redio na deki, wenye vichwa vyekundu na vyeupe) au ule unaotoka tundu la hedifoni, wavu wa nje wa waya ndio huohuo unaorudisha sauti. Umeme unaozunguka unapita kwenye njia ya sauti, na spika haina namna ya kujua kipi ni kwaya na kipi ni TANESCO.

Waya wa balansi una nyuzi tatu. Mbili zinabeba sauti ileile, ila moja imepinduliwa juu chini, na wavu unabaki kuwa ngao tu. Uchafu ukiingia, unaingia sawa kwenye nyuzi zote mbili. Spika inachukua tofauti kati ya nyuzi hizo. Sauti inabaki, uchafu unajifuta. Hakuna uchawi, na wala si kitu cha matajiri.

Kabla hujatoa hata mia, fanya jaribio hili: chomoa chaja, kompyuta ibaki kwenye betri. Mvumo ukikatika, spika yako haina kosa. Halafu chomeka kila kitu, chaja, spika zote mbili na saundi kadi (kile kisanduku cha nje kinachotoa sauti ya kompyuta), kwenye ekstensheni moja inayotoka soketi moja. Vifaa hivi havili umeme wa kutisha. Dada wa Nansio aliishia hapo, hakununua kitu. Pia pandisha sauti ya kompyuta karibu na juu kabisa, kisha ipunguze kwenye spika. Wengi wanafanya kinyume: kompyuta robo, spika mwisho wa kitasa, halafu wanashangaa kwa nini spika inakuza takataka.

Na sisi wa Mwanza tuna letu. Mji umekaa juu ya majabali. Niliyepanga kwake nyumba ya mlimani alinionyesha kwa fahari nondo ya ethi ya nyumba yake. Nikaitikisa, ikatoka na mkono. Fundi alipigilia, ikagonga jiwe, akaikata, akafukia kipande kama anapanda muhogo. Nyumba ya hivyo unaweza kuijua ukigusa kompyuta yenye bodi ya chuma ikiwa inachaji kwa chaja ya pini tatu: vidole vinatekenywa kama vimepita kwenye sisimizi. Hapo mwite fundi mwenye leseni, si muuza spika. Na yeyote atakayekushauri uvunje ile pini ndefu ya plagi ili mvumo ukate, mvumo utakata kweli, lakini siku spika ikipata shoti ndani, njia ya umeme kwenda ardhini itakuwa wewe.

Sasa niseme kitu ambacho sijaona muuzaji yeyote akikitaja.

Nilipogundua kosa langu, kwamba nilitumia waya wa RCA, nilirudi mjini kununua kebo za balansi. Jeki yake, yaani kile kichwa cha kuchomeka, inatambulika kwa pete nyeusi: pete moja, nyuzi mbili; pete mbili, nyuzi tatu. Nikahesabu pete mbili, nikalipa, nikachomeka. Nyuki walewale. Nikabadilisha soketi, nikahamisha meza, nikazima hadi taa. Siku ya tatu nikafungua kifuniko cha jeki kwa hasira: ndani kuna waya wa nyuzi mbili, na mguu wa katikati umelehemiwa pamoja na ule wa wavu. Pete mbili za urembo! Ni kama kuvaa pete ya ndoa wakati huna mume.

Toka hapo siendi dukani bila mita ya fundi, ile inayolia nyaya zikigusana. Shika ncha ya jeki ya upande huu na ncha ya upande ule, lazima ilie. Shika katikati kwa katikati, ilie. Shika katikati na shina la jeki ileile: ikilia, rudisha kebo kaunta na usibishane. Jaribio zima halimalizi dakika moja. Duka la kwanza walinikatalia, eti naharibu bidhaa. La pili, kaka alinitazama, akacheka, akaenda stoo kuniletea nyingine. Nimeelewa kwamba anajua zilipo za kweli.

Haya, upangaji wangu. Siupangi kwa sauti tamu, naupanga kwa urahisi wa kupata ukimya.

Namba moja ni Yamaha HS5, na sijifichi, nina upendeleo. Nyuma ina matundu mawili tu, XLR (lile la duara lenye pini tatu) na jeki ya pete mbili, yote ya balansi. Haina RCA. Wauzaji wanakutajia hilo kama upungufu. Kwangu ndiyo sifa kubwa, kwa sababu spika inakukataza kufanya kosa nililofanya mimi. Ina wati 70, kama ulikuwa bado unahesabu. Koni ile nyeupe wameirithi kutoka NS-10, spika ya Yamaha iliyotoka mwaka 1978, ambayo watu wa studio waliipenda kwa kuwa haikuwapamba. HS5 nayo haikupambi: besi haikuvimbishii, na wimbo mbaya unabaki mbaya. Iunganishe na saundi kadi kama Focusrite Scarlett 2i2, kebo mbili za pete mbili za kweli, basi. Mimi kwangu sasa nasikia vyura wa ziwani usiku.

Saundi kadi sikuitaja kwa bahati mbaya. Tundu la hedifoni la kompyuta halina balansi, hata ukichomeka kebo ya dhahabu. Ukinunua saundi kadi ya mtumba, igeuze uone nyuma: Scarlett Solo za matoleo mawili ya kwanza zinatoa sauti kwa RCA, toleo la tatu ndilo lenye jeki za balansi. Jina moja, rangi moja nyekundu, mgongo tofauti. Kijana wa Igoma aliuziwa ile ya zamani kwa bei ya mpya.

Namba mbili, KRK Rokit 5 toleo la G4, zile za koni ya njano. Tundu ni moja tu nyuma, linapokea XLR na jeki, balansi tupu. Maprodyuza wa biti wanazipenda. Mimi besi yake inanichosha, lakini kwa ukimya sina neno.

Namba tatu JBL 305P MkII. Ina XLR na jeki, mvumo hauingii, ila ile "shhhh" ya amplifaya inasikika ukikaa karibu usiku. Anayekaa mita mbili mbali hatajali.

Namba nne ADAM T5V. Twita yake ya utepe, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, ni tamu kweli, ningeiweka juu zaidi. Tatizo: ina XLR na RCA tu, na huku kwetu waya wa RCA uko kila kona wakati wa jeki kwenda XLR dume lazima uutafute. Utachoka, utachomeka RCA. Nakujua.

Kama pesa ni kidogo, PreSonus Eris E3.5: ndogo, ya jozi, ina jeki za balansi nyuma. Tumia hizo. Sabufa za Bluetooth si mada hii.

Na uliyekwisha nunua spika zenye RCA tu, usizitupe. Tafuta kisanduku chenye transfoma ndani kinachokata duara la ethi bila kukata sauti. Behringer HD400 ni kimojawapo, hakihitaji hata umeme. Wafunga redio za magari nao wana kidude cha RCA cha kazi hiyohiyo kwa bei ya chipsi kuku wachache. Kinaua mvumo, ila vingi vinakula besi pia, kwa hiyo usikitumie kwenye kazi ya mteja.

Sasa bei. Spika karibu zote hizi za juu zinauzwa moja moja, si jozi. Mtandaoni muuzaji anaweka picha ya mbili, anaandika bei ya moja, nauli inakuwa juu yako. Ukifika dukani: "Dada yangu, hiyo ni ya kipande." Ukiuliza kwa nini picha ina mbili: "Hiyo ni picha tu." Ukisema Dar es Salaam ni nafuu, unaambiwa mzigo umepanda basi. Na mimi nilipanda daladala, mbona sijaongezeka bei? Nilipopeleka zile spika za nyuki ili wanibadilishie, hata kwa kuongeza hela, nilionyeshwa karatasi ukutani: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Chini ya karatasi hiyo zilikuwa zimening'inia kebo zenye pete mbili, kumi hivi. Nikatoa mita yangu. Sita zililia pasipotakiwa.