Miezi kumi na kisomeo cha kielektroniki: kwa nini nimerudi kwenye karatasi

Nilikinunua kwa jamaa aliyekuwa anahama nchi, laki tatu na nusu pamoja na kava lake. Ni vile visomeo vya wino wa kielektroniki, skrini ya inchi sita, si tableti. Sitaji chapa, kwa sababu ninayoyasema yanahusu vifaa vya aina hii kwa jumla.

Nianze na sifa, maana kinastahili. Asubuhi napanda basi la mwendokasi Kimara kwenda Kivukoni, hapa Dar, na mara nyingi ni kusimama njia nzima. Mkono mmoja umeshika bomba, wa pili umeshika kisomeo, kidole gumba kinafungua kurasa. Kitabu cha karatasi cha kurasa mia tano huwezi kukimudu hivyo. Kituoni juani hakimetameti kama simu. Ndani ya skrini kuna vidonge vidogo mno vyenye chembe nyeusi na nyeupe. Umeme ukipita, chembe zinapanda au kushuka, herufi inajichora, kisha inatulia palepale bila kula umeme mpaka ufungue ukurasa mwingine. Ndiyo maana nachaji mara moja kwa wiki mbili hivi. Na umeme ukikatika usiku, kina taa yake.

Ningekuwa nasoma Kiingereza peke yake, ningekipa nyota zote tano na kuishia hapo.

Kwenye Kiswahili ndiko kilikonishinda. Riwaya nilizozipenda tangu sekondari nilizitafuta kwenye duka la mtandaoni la watengenezaji wake, nyingi sikuzipata. Nikahamia kwenye PDF ambazo watu wanatumiana, kurasa za kitabu zilizopigwa picha. Kwenye inchi sita herufi zinakuwa kama mchanga. Ukizikuza, unausukuma ukurasa kulia na kushoto mpaka unasahau sentensi ilianzaje. Na hata zingesomeka, mwandishi hapati hata senti, jambo ambalo linaniuma.

Halafu kamusi. Kwa Kiingereza unabonyeza neno, maana inatokea palepale, raha tupu. Nikaweka faili la kamusi ya Kiswahili, nikafika kwenye neno “wakamtanabahisha”, nikabonyeza. Hakuna kitu. Kifaa kinatafuta neno kama lilivyoandikwa, kwa hiyo kilikwenda kwenye W. Sisi tunajua la kufanya: vua wa, vua ka, vua m, inabaki tanabahisha, rudi nyuma mpaka tanabahi, maana iko hapo. Niliinuka nikachukua kamusi yangu ya karatasi, ile iliyoachana mgongo, na nikiwa naitafuta tanabahi macho yakaangukia tandabui, yaani utando wa buibui. Neno hilo bibi yangu alikuwa akilitumia kila akifagia dari, na nilikuwa sijalisikia miaka mingi. Nilikaa nalo jioni nzima.

Kuna na suala la kumiliki. Julai 2009 kampuni ya Amazon ilifuta riwaya mbili za George Orwell kwenye visomeo vyake vya Kindle vya watu waliokwisha kuzilipia, kwa kuwa aliyeziweka sokoni hakuwa na haki nazo. Fedha zilirudishwa, lakini vitabu viliondoka bila mtu kubisha hodi. Kitabu changu cha elfu nne, nilichookota kwenye turubai la muuza vitabu vya mtumba pale Posta, hakuna awezaye kukifuta. Ndani kina jina la mwenyewe wa kwanza, kidato cha tatu, na mistari ya penseli chini ya methali. Nimekisoma, nikamwazima jirani, jirani kamwazima shemeji yake, na kimerudi kikiwa na doa la chai ukurasa wa 61. Kisomeo siwezi kumwazima mtu bila kumpa vitabu vyangu vyote kwa mpigo.

Karatasi ina gharama zake na Dar inazidisha. Unyevu wa masika unaleta koga, na mchwa walinimalizia vitabu vinne kwenye rafu iliyogusa ukuta. Sasa rafu nimeisogeza kiganja kimoja kutoka ukutani na kila mwezi navitoa vyote kuvipunga hewa.

Lakini kilichonirudisha hasa ni binti yangu wa miaka tisa. Miezi yote ile alidhani mama yuko kwenye “simu nyeusi”, hakuwahi kuuliza nasoma nini. Wiki ya kwanza niliporudi na kitabu chenye jalada, alikaa pembeni yangu akauliza, “Huyu mzee kwenye picha amefanya nini?” Nikamsimulia. Keshoyake nilikuta kitabu kiko kitandani kwake.

Kisomeo sijakiuza. Nimempa baba, mwalimu mstaafu ambaye macho yamepungua nguvu. Tumekuza herufi mpaka maneno manne kwa mstari, na anasoma historia kwa Kiingereza kutwa nzima barazani. Akitaka riwaya ya Kiswahili inabidi anisubiri. Jumapili baada ya chakula naenda na kitabu, naketi karibu na sikio lake zuri, namsomea sura moja, na nikikosea mkazo wa neno ananisimamisha nirudie.