Kongamano la dini na Waafrika wa ughaibuni: nenda, ila chagua chumba

Naanza na pesa, maana najua ndilo swali la kwanza. Kiingilio dola 60 kwa siku mbili, nauli ya basi juu yake, na zamu mbili za kutunza wazee nikaziacha. Mimi si mwanachuo. Kwetu Tanga chuo nilichosoma ni kile cha kukalia mkeka na juzuu ya Amma. Tangazo nililiona ukutani kwenye maktaba ya mtaani kwetu hapa Marekani: chuo kikuu kinaandaa kongamano kuhusu dini za watu wa asili ya Afrika waliotawanyika duniani. Nikasema, sasa hao si ndio sisi?

Mapokezi yalikuwa shaghalabaghala. Ratiba ilibadilishwa usiku wa kuamkia siku yenyewe, kwa hiyo karatasi tuliyopewa mlangoni ilitupeleka kwenye vyumba vilivyofungwa. Chakula cha mchana kilikuwa mikate yenye nyama, na kila niliyemuuliza nyama ya nini aliniambia ngoja nikaulize. Nikashinda kwa ndizi mbili. Waislamu wenzangu, bebeni cha kwenu. Chumba cha kuswalia kipo, lakini aliyenionyesha ni mama wa usafi. Wenye beji shingoni hawakuwa na habari nacho.

Mada zenyewe ni bahati nasibu. Vikao vitatu vinakwenda kwa wakati mmoja, na baadhi ya watoa mada husoma karatasi neno kwa neno, kichwa chini, mpaka mwenyekiti anawanyanyulia kadi ya dakika mbili. Lakini asubuhi ya kwanza nilimpata mama mmoja wa Candomblé, dini ya Brazili yenye asili ya Afrika, kutoka mji wa Salvador, jimbo la Bahia, nyeupe juu mpaka chini, ushanga shingoni, akizungumza Kireno kupitia mkalimani. Profesa aliyemtangulia alikuwa ametumia dakika ishirini kutufafanulia alama na maana zake. Mama akamsikiliza kwa adabu, kisha akamuuliza kama amewahi kukaa jikoni wakati chakula cha orixá, miungu yao, kinapikwa. Profesa akasema hapana. Mama akaitikia kwa kichwa tu, akaendelea na yake.

Alitueleza kwamba hadi 1976 nyumba za ibada zao pale Bahia zililazimika kujiandikisha polisi ndipo zipige ngoma. Mwaka 1984 mojawapo ya nyumba hizo hizo, Casa Branca, ikatambuliwa na serikali ya Brazili kuwa urithi wa taifa. Miaka minane tu kati ya kuomba ruhusa kituoni na kuwa fahari ya nchi. Alilisema hilo bila kupandisha sauti. Baadaye mtu mwingine akagusia uasi wa Waislamu watumwa wa mji huo huo wa Salvador, Januari 1835, mwezi wa Ramadhani, na vikaratasi vya Kiarabu walivyovaa kama hirizi, lakini kadi ya dakika mbili ikamkuta njiani.

Kilichonitoa machozi ni slaidi. Walionyesha mwandiko wa mkono wa Omar ibn Said, mtu wa Futa Toro, upande wa Senegal ya leo, aliyeletwa Marekani mwaka 1807 na kufia utumwani North Carolina. Mwaka 1831 aliandika habari za maisha yake kwa Kiarabu. Mtoa mada alikuwa anabishana na wenzake kama kweli Omar aliingia Ukristo au alijificha humo. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuusoma ule ukurasa. Fa ina nukta chini, qaf ina nukta moja, mwandiko wa Kiarabu wa Afrika ya magharibi kabisa, nikasitasita kidogo, halafu ikanijia yenyewe: Tabaraka. Ile Tabaraka tunayoisoma usiku kabla ya kulala! Surat al-Mulk, sura ya milki. Mtu mwenye bwana anayemmiliki anaanza hadithi yake kwa kusema milki yote iko mkononi mwa Mungu. Mzee wa Kimarekani kando yangu akaniuliza nimesema nini, maana kumbe nilikuwa nasoma kwa sauti.

Sasa lawama yangu kubwa. Ukisikiliza siku mbili zile ungedhani Afrika ina pwani moja tu, ile ya kwao Atlantiki. Bahari ya Hindi ilipewa kikao kimoja, siku ya mwisho, saa kumi na nusu jioni, chumba cha chini ya ardhi, tukiwa watu kumi na moja pamoja na fundi mitambo. Na ndicho kilikuwa kikao bora kuliko vyote.

Mmoja alizungumzia Hormozgan, kusini mwa Irani, ambako watu hutibiwa zar, yaani maradhi ya kupandwa na roho, kwa ngoma, na maradhi yenyewe huitwa upepo kwa Kifarsi. Nikanyoosha mkono, nikawaambia kwetu pia ni pepo, na kwamba bibi yangu alikuwa hakosi kwenye kilinge, babu akinuna. Wakaandika wote! Mwingine akaleta habari za Masidi wa Gujarat, India, wenye asili ya Afrika, na kaburi la walii wao Bava Gor. Ngoma yao wanaiita goma. Mojawapo ya vyombo vyao ni musindo. Mtoa mada alikuwa anaeleza asili ya neno goma kwa tahadhari nyingi, labda hivi, yumkini vile, mimi nimekaa pale najizuia nisicheke.

Akapiga kipande cha sauti, spika mbovu, inakoroma. Nikairekodi kwa simu, nikamtumia dada yangu Tanga bila maelezo yoyote. Jibu lilifika nikiwa nasubiri basi: "Harusi ya nani tena hiyo, mbona hatukualikwa?"