Alf Common: Je, Alistahili Pauni 1,000?

Ndugu watazamaji, ninachokichambua leo ni usajili wa mshambuliaji wa soka wa England Alf Common, ambaye klabu ya Middlesbrough walimnunua kutoka Sunderland mwezi Februari 1905, akawa mchezaji wa kwanza kuuzwa kwa pauni 1,000. Mwaka uliotangulia, Sunderland walikuwa wamemnunua kutoka Sheffield United kwa pauni 520, bei ambayo nayo ilionekana kubwa mno.

Ili tumpime kwa haki, tuitazame kwanza hali ya mnunuzi. Middlesbrough walikuwa wamehamia uwanja mpya wa Ayresome Park mwaka 1903, walikuwa karibu na mkia wa Ligi Daraja la Kwanza, ngazi ya juu kabisa enzi hizo, na kwa takriban miaka miwili hawakuwa wameshinda ugenini. Mechi ya kwanza ya Common ilikuwa ugenini kwa Sheffield United, klabu aliyotwaa nayo Kombe la FA mwaka 1902. Akafunga kwa mkwaju wa penalti, wakashinda 1-0, na msimu ukaisha wakiwa nafasi ya 15 kati ya timu 18. Kwangu mimi, fedha ilianza kurudi siku hiyo hiyo.

Alidumu Middlesbrough hadi 1910 na kufunga mabao 58 katika mechi 168 za ligi. Mabao hayo si haba kwa mtu mfupi, mzito na mwenye nguvu, aliyecheza enzi za mpira wa ngozi uliolowa maji na mabeki wasio na huruma. Kasoro ipo: taji hakuleta, na nafasi ya sita ya msimu wa 1907/08 ndiyo iliyokuwa ya juu zaidi.

Linaloniuma ni mgawanyo wa fedha. Tangu 1901 mshahara wa mchezaji haukuruhusiwa kuzidi pauni 4 kwa wiki, kwa hiyo bei yake ililingana na mshahara wa karibu miaka mitano, nayo ilikwenda kwa klabu iliyomuuza. Chama cha soka kilipoingilia kati mwaka 1908, kiliwekea ukomo wa pauni 350 bei ya uhamisho, amri ambayo haikudumu hata mwaka mmoja, huku mshahara ukiachwa palepale.

Baadaye alichezea Woolwich Arsenal (Arsenal ya leo), kisha Preston North End waliotwaa Daraja la Pili mwaka 1913, akastaafu 1914. Hukumu yangu: Middlesbrough walinunua vizuri, ila Common mwenyewe alilipwa kidogo mno.