Saa ya Kifaransa inayogonga saa za kwetu

Subirini, msiseme kitu. Sikilizeni... ngo! ngo! ngo! ngo! Nne. Haya, tazameni mishale: mfupi uko kwenye 10, mrefu uko juu kabisa kwenye 12. Saa nne asubuhi, wadau, na saa ya Kifaransa ya karne ya 19 imegonga nne badala ya kumi! Si mbovu. Nimeitega mimi, na leo nawaonyesha.

Karibuni chaneli yetu. Mgeni, bonyeza kengele, maana leo ni siku ya kengele.

Hizi ni zile saa za kuweka juu ya meko ya sebuleni, zenye sanamu. Sanamu ndiyo habari: huyu kijana ni Paul, amembeba Virginie wakivuka mto. Ni watu wa riwaya ya Bernardin de Saint-Pierre ya 1788, mapenzi ya vijana wawili kisiwani Morisi, na mwandishi mwenyewe aliwahi kuishi huko. Kitabu kilivuma Ufaransa hadi mafundi wakakigeuza saa. Wengine walimchukua Atala wa riwaya ya Chateaubriand, baadaye Esmeralda wa Victor Hugo na mbuzi wake. Ile ya Esmeralda nimewahi kuishika: mbuzi kapendeza kuliko msichana, samahani.

Ila huo mto una kisa. Siku hiyo wawili hao wanatoka kumrudisha mtumwa mwanamke kwa bwana wake, baada ya Virginie kumwombea msamaha. Baadaye wanasikia kwamba yule mama aliadhibiwa vilevile. Hilo fundi hakulichonga! Na Morisi si mbali nasi: mwaka 1776 Mfaransa Morice, mfanyabiashara wa watumwa wa kisiwani humo, aliandikiana na Sultani wa Kilwa mkataba wa watumwa 1,000 kila mwaka. Naipenda saa hii, lakini nikimwangalia Paul namkumbuka na yule mama.

Haya, tugeuze nyuma. Kamera, sogea. Mnaliona gurudumu hili lenye mapengo pembeni? Hili ndilo linalohesabu. Umbali kati ya pengo na pengo unazidi kukua: mfupi kwa saa moja, mrefu kabisa kwa 12. Mishale inasema tu "gonga sasa". Haijui ngapi! Ndiyo maana watu wanalichukia: ukisukuma mshale bila kuiacha imalize kugonga, hesabu inapotea, inagonga saba saa inaonyesha tatu. Saa zilizokuja na mtambo mwingine zinajisahihisha zenyewe, na wauzaji wanakutoza zaidi kwa hilo. Sawa, zichukueni. Lakini hazifanyi hivi.

Angalieni. Naianza upya kama alivyoniletea muuzaji: ni saa nne, imeshagonga 10. Natia kidole, nainua wenzo huu mdogo... ngo. Hiyo ni ya nusu saa. Nainua tena... acheni imalize, msiiharakishe... kumi na moja. Nusu. Kumi na mbili. Nusu. Halafu inarudi moja. Mnaona inavyoelekea? Endelea hivyohivyo hadi ikugongee nne, kisha acha. Ni kuinua mara 12 na kengele inalia mara 39, kwa hiyo usifanye usiku, jirani yangu wa chini ameshanigongea dari. Kuanzia hapo mshale mfupi ukiwa kwenye 7, inagonga moja. Adhuhuri inagonga sita. Miaka yote hiyo imekuwa ikihesabu Kifaransa, leo inahesabu kama bibi yangu Tanga!

Haya, ubaya. Muuzaji aliniambia ni bronzi. Nimekwaruza chini, mahali pasipoonekana: kijivu, zinki hiyo. Bronzi ingeonyesha manjano. Na gonga kwa ukucha, sauti ni butu. Nilishuku mapema, nikamkatia bei, ikashuka hadi euro 180. Bado ghali. Uso wake una ufa kwenye tundu la ufunguo, na kuba lake la kioo halipo. Ila, kusema kweli, angekataa kushuka ningelipa tu.

Kuna mtu ameuliza kwenye komenti mbona nisiisugue kwa limau na majivu. Ndugu yangu, usithubutu! Dhahabu iliyopakwa juu ya zinki ni utando mwembamba, utabaki na sanamu ya kijivu. Zile za bronzi za zamani zilipakwa dhahabu iliyochanganywa na zebaki, zikachomwa moto, na mvuke wake uliwadhuru mafundi vibaya.

Ukiihamisha, toa kwanza pendulamu, ile inayobembea, la sivyo kile kibamba cha chuma kinachoishikilia kitakatika.

Jumapili tuko laivu saa mbili usiku. Mwenye saa iliyopotea hesabu aje nayo, tutaitega pamoja.