Boma Yangu jijini Nairobi: bei ya nyumba ni nzuri, ila elewa makato kwanza

Anayekatwa ushuru wa nyumba kila mwezi hajiwekei akiba ya nyumba. Lielewe hilo kabla hujafungua akaunti ya Boma Yangu, jukwaa la serikali ya Kenya la kuombea nyumba za bei nafuu, maana wengi hujisajili wakiamini kwamba pesa zilizokatwa kwenye mshahara zinawasubiri huko ndani.

Hesabu yenyewe ni hivi. Mfanyakazi hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara kamili, na mwajiri huongeza asilimia 1.5 kutoka mfukoni mwake. Wa mshahara wa shilingi 40,000 hukatwa 600, mwajiri hutoa 600, na 1,200 hizo huenda KRA (Mamlaka ya Mapato ya Kenya) kufikia siku ya 9 ya kazi ya mwezi unaofuata. Mwajiri akichelewa hutozwa asilimia 3 ya deni kwa kila mwezi. Pesa hizo hujenga nyumba, lakini hakuna hata senti inayoandikwa kwa jina lako.

Makato yalianza 2023 kupitia Sheria ya Fedha, Mahakama Kuu ikayabatilisha Novemba mwaka huo, kisha yakarudi na Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu iliyotiwa saini Machi 2024. Nafuu ya kodi iliyokuwepo, ya asilimia 15 ya makato hayo, iliondolewa mwishoni mwa Desemba 2024. Badala yake, ushuru huu sasa huondolewa kwenye mshahara kabla ya PAYE (kodi ya mapato ya mshahara) kupigwa hesabu. Kagua karatasi yako ya mshahara. Kwa viwango vya 2025, mhasibu aliyesahau kuondoa zile 600 kwa mtu wa 40,000 anamkata kodi ya ziada ya shilingi 180 kila mwezi.

Usajili ni mwepesi, na hapa huduma inastahili sifa. Unaingia bomayangu.go.ke, au unapiga *832# kama simu yako ni ya vibonyezo. Weka tayari nambari ya kitambulisho, PIN ya KRA (nambari ya mlipa kodi) na simu iliyosajiliwa kwa jina lako mwenyewe. Jina la kitambulisho likitofautiana na la PIN, hata kwa herufi moja, rekebisha upande wa KRA kwanza. Kisha jaza wasifu wote: kipato, familia, kaunti unayotaka. Usipunguze kipato ili uonekane mnyonge, kwani ndicho kinachokupanga. Chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi unaingia nyumba za kijamii, kuanzia 20,000 hadi 149,000 ni za bei nafuu, na zaidi ya hapo ni za tabaka la kati.

Kinachokusogeza mbele ni amana. Chukua mradi wa Mukuru, mtaa wa mabanda wa Nairobi, ambao una mpango wa nyumba 13,248 na ulikabidhi funguo za nyumba 1,080 za kwanza Mei 2025. Bedsita (chumba kimoja cha kuishi na kulala) ya mita 20 za mraba ni shilingi 640,000, ya chumba kimoja cha kulala (mita 30) ni 960,000, na ya vyumba viwili (mita 40) ni 1,280,000. Ukigawanya, zote zinatoka shilingi 32,000 kwa mita ya mraba, na kwa Nairobi hiyo ni bei ya kushika mara moja. Kwa mfano, amana ikiwa asilimia 10, kwa bedsita ni 64,000. Ukiweka 200 kila siku, utahitaji siku 320. Tazama kiwango cha amana kinachoonyeshwa kwenye akaunti yako siku ya kulipa, usitegemee alichokisikia jirani.

Bedsita hiyo ilitangazwa kwa malipo ya 3,900 kwa mwezi. Aliyezoea kodi ya nyumba katika mitaa ya Pipeline au Umoja ataona ni nafuu, ila kwa anayetoka chumba cha mabati bado ni mzigo mzito, na wa namna hiyo ndiye mradi unadai kumlenga. Pima pia nafasi. Mita 20 za mraba ni kama mita 4 kwa 5, choo na mahali pa kupikia vikiwa humo humo. Kitanda cha futi 4 kwa 6 peke yake kinakula zaidi ya mita 2 za mraba. Wawili wataishi vizuri. Wakiwa watano, watatu wao watoto, tafuteni ya vyumba viwili hata kama itawachelewesha mwaka mzima.

Udhaifu mkubwa uko kwenye ugawaji. Mwombaji akishamaliza amana, anapaswa kuona yuko nafasi ya ngapi, nyumba zimebaki ngapi na kwa nini mwingine ametangulia. Giza hapo ndilo linalowapa madalali riziki. Usimpe yeyote pesa taslimu kwa ahadi ya kukusogeza kwenye foleni. Pesa zote ziingie kwenye akaunti yako, na risiti uihifadhi.

Ukipewa barua ya ugawaji, uliza mambo mawili kwa maandishi kabla ya kusaini: malipo ya kila mwezi yataendelea miaka mingapi, na ada ya huduma ya maji, usafi na ulinzi ni kiasi gani juu yake. Na usinunue kwa nia ya kuuza upesi. Sheria inampa mtu mmoja nyumba moja tu, na huwezi kuiuza bila idhini ya maandishi ya Bodi ya Nyumba za Bei Nafuu.