Msimamo wa Ligi Kabla Mpira Haujarushwa: Uuamini au Uuache?

Habari zenu ndugu zangu, karibuni tena. Kwa mgeni wa leo, mimi naishi hapa Denver, Colorado, nafanya kazi ya ghala, na huu ni mwaka wa nne nacheza ligi ya fantasi ya besiboli na wenzangu wa kazini, yaani kila mmoja anaunda timu ya kufikirika ya wachezaji halisi, na takwimu zao za uwanjani ndizo zinazotupa pointi. Tuko 12. Jumapili tumefanya mnada wa wachezaji, kila mtu na dola zake 260 za kufikirika, na kabla sijaweka simu chini programu ikanirushia msimamo wa ligi. Nani atachukua ubingwa, nani atashika mkia, yote yamepangwa. Msimu wenyewe haujaanza, timu bado ziko Florida na Arizona zinafanya mazoezi, na mimi nimeshaambiwa nitamaliza wa 7.

Basi leo nauchambua huo msimamo kama ninavyochambua bidhaa yoyote. Unapima nini, unakosea wapi, na unastahili kulipiwa au la.

Kwa ndugu zangu mliozoea fantasi ya mpira wa miguu wa Uingereza, kuna mambo mawili ya kushika. La kwanza, kule watu milioni mnaweza kuwa na mchezaji yuleyule nyote. Huku kwetu mchezaji ni wa timu moja tu, ukishamkosa mnadani umemkosa. La pili, hatuhesabu pointi za mchezaji mmoja mmoja. Kuna vipengele 10. Vitano vya wapigaji: wastani wa kupiga, homurani (mpira unaopigwa hadi nje ya uwanja), mikimbio aliyokimbia mwenyewe (kila mkimbio ni kuzunguka besi zote, vile vituo vinne vya uwanjani), mikimbio iliyoingia kwa kupiga kwake, na besi alizoiba (kukimbilia besi inayofuata bila kusubiri mpira upigwe). Vitano vya warushaji: ushindi, sevu (kulinda uongozi wa timu hadi mwisho wa mchezo), wapigaji aliowatoa kwa straiki (mipira mitatu waliyoshindwa kuipiga), wastani wa mikimbio anayoruhusu, na wapigaji anaowaachia wafike besi kwa kila awamu. Katika kila kipengele timu zote 12 zinapangwa kwa takwimu za wachezaji wao, wa kwanza anapata pointi 12, wa mwisho anapata 1. Basi. Mtindo huu aliuanzisha Daniel Okrent na marafiki zake mwaka 1980, ukachukua jina la mkahawa wa New York walikokuwa wakikutana, La Rotisserie Française. Wakati huo hesabu zote zilifanywa kwa mkono, kutoka kwenye magazeti.

Sasa, programu inajuaje mimi ni wa 7? Inachukua makadirio ya kila mchezaji, inajumlisha timu nzima, inapanga. Makadirio yenyewe yanatoka kwenye mifumo kama PECOTA, ZiPS na Steamer. Sitaingia ndani ya hiyo yote. Nitawaonyesha mfumo mwepesi kuliko yote, unaitwa Marcel, wa mchambuzi wa takwimu za besiboli Tom Tango, ambao umepewa jina la tumbili kwa sababu ni rahisi kiasi kwamba hata tumbili angeuweza. Msingi wake ni huu: chukua misimu mitatu iliyopita, wa karibuni uupe uzito wa 5, wa kabla yake 4, wa nyuma zaidi 3. Kisha unamsogeza mchezaji kidogo kuelekea wastani wa ligi na unarekebisha kwa umri.

Tumpime Shohei Ohtani, mchezaji anayepiga na kurusha pia, kabla ya msimu wa 2024. Angalieni karatasi yangu hapa, niisogeze karibu. Besi alizoiba: mwaka 2023 ni 20, mwaka 2022 ni 11, mwaka 2021 ni 26. Mara 5, mara 4, mara 3, unapata 100, 44 na 78. Jumla 222. Gawanya kwa 12, unapata 18 na nusu. Hata kabla ya marekebisho mengine, hesabu inasema huyu bwana ataiba kama besi 18. Aliiba 59! Homurani kwa hesabu hiyohiyo zinakuja 41, yeye akapiga 54. Hakuna aliyewahi kufikisha 50 na 50 katika msimu mmoja kabla yake.

Hesabu haikudanganya. Ilisema kweli kuhusu Ohtani wa miaka mitatu ya nyuma. Lakini mwaka 2024 hakurusha mpira hata siku moja kwa sababu ya upasuaji wa kiwiko, kazi yake ikabaki kupiga na kukimbia, na jambo hilo halimo kwenye tarakimu za nyuma. Ndivyo ilivyokuwa pia sheria zilipobadilika mwaka 2023. Besi zilipanuliwa kutoka inchi 15 hadi 18, na mrushaji akawekewa kikomo cha kumvizia mkimbiaji. Ligi nzima iliiba besi 2,486 mwaka 2022. Mwaka uliofuata, 3,503.

Na mimi nina kidonda changu. Mwaka huohuo wa 2024 programu iliniweka wa kwanza. Wa kwanza kabisa! Nilimnunua Ronald Acuña Jr. kwa bei kubwa, maana alikuwa ametoka kupiga homurani 41 na kuiba besi 73. Nikamuongeza Spencer Strider, mrushaji aliyeshinda michezo 20 na kutoa wapigaji 281 kwa straiki. Nilipiga picha ya ule msimamo, nikamtumia mke wangu, nikamtumia na kaka yangu Morogoro ambaye hajui hata besi ni kitu gani. Strider akacheza michezo miwili, kiwiko kikaharibika, upasuaji. Mei 26, Acuña akaanza kuiba besi kule Pittsburgh, akageuka kurudi, goti la kushoto likakatika kano. Alikuwa amecheza michezo 49. Nilikuwa kazini, natazama kwenye simu wakati wa mapumziko, na nilijua pale pale kabla hajatolewa uwanjani. Nilimaliza wa 9.

Sasa sehemu ninayoikataa waziwazi, nayo ni zile alama za herufi ambazo programu inaipa timu yako baada ya mnada. A, B, C, kama ripoti ya shule. Hizo hazipimi timu yako. Mara nyingi zinalinganisha bei uliyolipa na bei iliyomo kwenye orodha yao wenyewe. Ukinunua walichopendekeza, umepata A. Ni mwalimu anayekusahihishia kwa kuangalia kama umenakili daftari lake. Kwa kweli msiumie roho kwa hizo herufi, na msijivune nazo.

Msimamo wenyewe una upungufu mwingine ambao wengi hawauoni: unadhani wewe utalala miezi sita. Hapa Denver tuko juu, uwanja wa Coors Field una safu moja ya viti vya zambarau inayoonyesha mahali panapotimia maili moja juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, mpira unaruka. Mpigaji wa Rockies, timu ya hapa Denver, akiwa nyumbani ni mtu mwingine kuliko akiwa ugenini. Mimi namchezesha nyumbani, wakisafiri namkalisha benchi. Programu inampa wastani wa msimu mzima kana kwamba nitamwacha tu acheze kila siku. Katika michezo 162 ya msimu, hiyo si tofauti ndogo.

Je, nautupa msimamo? Hapana, na hapa ndipo nataka mnisikilize vizuri. Achaneni na nafasi, fungueni safu za vipengele. Hii hapa timu yangu ya mwaka huu. Homurani: nakadiriwa 301, wa pili ana 274. Nimeongoza kwa 27, lakini pointi ni 12 zilezile, ningeongoza kwa moja ningepata 12. Shukeni kwenye besi za kuiba. Mimi 118, wa mwisho, pointi 1. Wa 11 ana 121, wa 10 ana 124, wa 9 ana 126, wa 8 ana 129. Mmeona walivyobanana? Nikipata besi 12 za ziada nafika 130, nawapita wanne, nachukua pointi 5. Nikimtoa mpigaji wa homurani 25 kwa kubadilishana nabaki na 276, bado naongoza. Ndiyo, mikimbio nayo itapungua kidogo, lakini aliye wa 5 ananizidi pointi 3 tu.

Hiyo ndiyo kazi halisi ya bidhaa hii. Inakuonyesha ulikojaza kupita kiasi na palipo patupu, mapema, wakati kila mtu bado anaipenda timu yake na yuko tayari kuzungumza.

Kuhusu malipo: usilipe. Mwaka jana nililipia uchambuzi wa ndani kwenye huduma moja, sitaitaja. Tarakimu zilikuwa zilezile za bure, na mrushaji aliyekwisha kutangazwa kuwa nje msimu mzima bado alikuwa amehesabiwa kwangu kama mzima. Nilifuta siku hiyohiyo. Jedwali la bure na karatasi yako vinatosha, mradi upitie taarifa za majeruhi mwenyewe kabla ya kuliamini.

Nimeshamwandikia mwenzangu wa zamu ya usiku. Ana wakimbiaji wanne na kwenye homurani yuko wa 11. Nampa mpigaji, anipe mkimbiaji mmoja. Ujumbe ameusoma jana saa nne usiku, hajajibu. Akijibu nitawawekea hapo chini.