Chura wa plastiki wa Sh 120,000: nimemtumia muhula mzima darasani Lindi

Nafundisha Baiolojia hapa Lindi mjini, kidato cha tatu mpaka cha sita. Kila mvua zikianza kazi ni ile ile: kutafuta chura wa kupasua, halafu wanafunzi 46 wanagombania kuchungulia trei moja ya nta. Mwaka huu nikajichanga, nikaagiza modeli kutoka duka moja la vifaa vya maabara Kariakoo. Sh 120,000, na mzigo kwenye basi Sh 7,000.

Nianze na lililonikera. Boksi lilifika stendi limebonyea, na pafu la kushoto halimo. Muuzaji akaniambia nimelipoteza mwenyewe. Bahati nilikuwa nimelifungua palepale mbele ya wakala wa basi na kupiga picha, la sivyo ningekuwa nafundisha chura mwenye pafu moja mpaka leo. Pafu lilikuja baada ya wiki tatu. Walimu wenzangu, mzigo ufungueni stendi kabla hamjasaini.

Chura mwenyewe ni mkubwa, kama kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Amelala chali, tumbo wazi, na viungo vimeshikiliwa kwa sumaku. Ini linatoka kwanza, mapande yake matatu, na kifuko cha nyongo cha kijani kimejibana katikati. Kisha tumbo la chakula, utumbo, kongosho, bandama kama gololi. Nyuma kabisa, kando ya uti wa mgongo, figo mbili ndefu. Hapo ndipo nilipoona pesa yangu haikwenda bure. Ukipasua jike wakati wa mvua, mayai meusi yamejaa kila kona; mpaka uyatoe yote ufike kwenye figo, kengele imeshalia.

Mdomo wake ndio umenifurahisha zaidi. Taya linafunguka, ulimi unaonekana umeshikizwa mbele, si nyuma kama wetu, ndiyo maana unaweza kurushwa nje kumnasa mdudu. Juu kwenye kaakaa kuna vilima viwili. Nilimwita binti mmoja wa Ng'apa avipapase. Akapeleka kidole taratibu, akanyamaza, kisha akasema: "Mwalimu, haya si macho?" Ndiyo, ni macho. Chura anapomeza, macho huzama ndani na kusaidia kusukuma chakula kooni. Akasema kumbe ndiyo sababu wale wa nyumbani kwao hufumba macho wakila kumbikumbi. Ameyaona maisha yake yote, siku ile akayaelewa.

Kasoro kubwa iko kwenye moyo. Unachomoka na kufunguka vizuri, lakini chumba cha chini kimepakwa nusu nyekundu, nusu buluu, na mstari mweusi katikati, kana kwamba ni moyo wa mtu. Chura ana vyumba vitatu: viwili vya juu vya kupokea damu, kimoja cha chini cha kuisukuma. Kwenye jaribio la Machi wanafunzi 11 walichora vyumba vinne, na siwezi kuwalaumu. Nikachukua rangi ya kucha ya zambarau nikakipaka chumba chote.

Na hili si jambo dogo. Chura hupumua kwa ngozi pia, na damu ya ngozini inarudi na oksijeni yake upande wa kulia wa moyo, pamoja na damu iliyotumika mwilini. Akizama majini mapafu yametulia, ngozi ndiyo inayomlisha. Kwa sababu chumba cha chini ni kimoja, oksijeni ile inapata njia ya kwenda mwili mzima. Ukichora ukuta pale, umemharibu chura mzima.

Jingine: modeli ina meno madogo taya la juu. Hawa wetu wa mabaka tunaowaokota usiku chini ya taa, wenye uvimbe nyuma ya macho unaotoa sumu nyeupe, hawana meno kabisa. Kiswahili kinawaita wote chura, kwa hiyo mwambie mwanafunzi mapema, asije akatafuta meno kwenye mtihani wa vitendo.

Upumuaji plastiki haifundishi. Chura hana mbavu wala kiwambo cha kutenga kifua na tumbo. Anavuta hewa puani kwa kushusha sakafu ya kinywa, kisha anaisukuma mapafuni, yaani kama anaimeza. Kwa hilo naleta mmoja mzima kwenye ndoo yenye kitambaa kibichi, darasa linatazama koo linavyodunda, jioni namrudisha mtaroni nilikomtoa.

Nitaagiza wa pili kwa ajili ya kidato cha tano. Ila safari hii muuzaji atanitumia kwanza picha ya moyo, umefunguliwa.